Hofu ya nyoka hatuzaliwi nayo, jamani

Kila nikigusia evolusheni ya hisia lazima atokee mtu wa kusema "binadamu anazaliwa akiogopa nyoka, iko kwenye jeni". Wiki hii nimeikuta tena, safari hii kwa mwalimu wa saikolojia, basi nimechoka, ngoja niandike.

Miaka ya 1980 wanasaikolojia Susan Mineka na Michael Cook walifanya majaribio na kima wa rhesus. Waliokulia porini walikuwa wanamwogopa nyoka vibaya mno, ila waliozaliwa na kulelewa maabara walikuwa wanapitisha mkono juu ya nyoka wanachukua chakula chao, hawana habari. Sasa waonyeshe hao wa maabara video ya mwenzao anavyohaha mbele ya nyoka, muda si mrefu na wao wanaogopa. Halafu hapa ndo watu wengi wanaruka: video ileile, kima yuleyule, woga uleule, ikaunganishwa ionekane anachoogopa ni maua. Waliotazama hawakuanza kuogopa maua!

Kwa hiyo tulichorithi ni wepesi wa kujifunza woga fulani, sio woga wenyewe, na hizi ni habari mbili tofauti kabisa. Fikiria mtoto anayesubiri aumwe na bafe ndo ajifunze, huyo haachi wajukuu, ila anayesoma uso wa mama yake amejifunza bila kuumia na uteuzi asilia unambeba.

Na ile kauli nyingine ya watu, "amigdala (sehemu ndogo ndani ya ubongo, moja kila upande) ndo kituo cha hofu", naipitia haraka tu. Kuna mgonjwa anaitwa S.M., amigdala zote mbili zimeharibika, nyoka hawamtishi, lakini utafiti wa 2013 ulionyesha alipovuta hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi alipata hofu kali sana. Yaani hofu ya kukosa pumzi ina njia yake nyingine.

Ila kuna kitu kinaninyima raha. Mwaka huohuo 2013 ilionekana kwamba kima ambao hawakuwahi kukutana na nyoka wana seli kwenye thalamasi, sehemu ya ubongo inayopokea taarifa za macho, zinazoitikia picha za nyoka haraka kuliko hata picha za nyuso. Kwa hiyo jicho linamtambua nyoka bila kufundishwa, hilo nalikubali, tena watoto wachanga wanamkodolea nyoka zaidi wakisikia sauti ya mtu mwenye woga. Sasa kumtambua kunaishia wapi na kumwogopa kunaanzia wapi? Mimi mpaka huo siwezi kuuchora, na vitabu vinavyouchora kwa mstari mnyoofu siviamini.