Kukokota chambo: samoni na trauti wanavyovuliwa kwenye maziwa makubwa

Kukokota chambo ni kuvua samaki huku mashua ikitembea. Mishipi huachwa nyuma ya tezi na ubavuni, kila mmoja na ndoana yake na chambo chake, kisha injini inakisukuma chombo polepole ili chambo kiogelee kama samaki mdogo aliye hai. Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani injini ndiyo inayovua. Lakini kwenye ziwa kubwa lenye maji baridi na kina kirefu, wanakoishi samoni na trauti, karibu kila kinachofanywa mashuani ni kutafuta jibu la swali moja: chambo changu kiko kina gani sasa hivi, na samaki yuko kina gani?

Ukubwa wa maji ndio unaolifanya swali hilo kuwa gumu. Chukua Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, yaliyoko kati ya Marekani na Kanada. Ziwa Michigan lina urefu wa zaidi ya kilomita 490, na pale penye kina kirefu kuliko pote linafika mita 281. Ziwa Ontario linafika mita 244, na Ziwa Superior mita 406. Ndani ya maji hayo samoni hana jiwe wala gogo analoliita kwake. Anazunguka usiku na mchana akifuata chakula na maji yenye ubaridi unaomfaa. Ukitia nanga mahali pamoja unaweza kungoja siku nzima, na yeye yuko kilomita nyingi mbali nawe. Ukikokota, unamtafuta na kumvua kwa wakati mmoja.

Tuanze na ubaridi, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Maji matamu huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Jua la kiangazi linapopasha uso wa ziwa, maji ya juu yanakuwa mepesi na kubaki juu, na yale mazito yenye ubaridi yanakaa chini. Baada ya wiki kadhaa ziwa limegawanyika matabaka. Juu kuna maji ya uvuguvugu, pengine nyuzi 20 na zaidi. Chini kabisa kuna maji ya nyuzi 4 hadi 6. Katikati kuna tabaka jembamba ambamo joto linaporomoka haraka ndani ya mita chache tu. Tabaka hilo la katikati wataalamu huliita temoklini, na mvuvi asiyejua lilipo anavua gizani hata saa sita mchana.

Kila samaki ana maji yake. Chinuki, ambaye ndiye samoni mkubwa kuliko wote, hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi, na koho, samoni wa aina nyingine, haendi mbali na hapo. Trauti wa upinde wa mvua huvumilia maji yenye joto zaidi, kwa hiyo mara nyingi hukutwa juu ya temoklini, tena mbali na pwani. Trauti wa ziwa hutaka baridi, nyuzi 7 hadi 10, na huweza kukaa karibu na sakafu ya ziwa. Hivi vipimo si sheria. Chinuki mwenye njaa atapanda kwenye maji ya joto kumfukuza dagaa, ale, kisha arudi chini. Hata hivyo, mvuvi anayeanza siku kwa kutafuta maji ya nyuzi 12 tayari amelipunguza ziwa zima likawa ukanda mwembamba, na hiyo ni nusu ya kazi.

Temoklini yenyewe haitulii. Upepo mkali ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, unayasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi yanapanda kutoka chini kujaza nafasi. Jana samaki walikuwa kwenye kina cha mita 25, leo maji yaleyale ya nyuzi 12 yako mita 6 tu chini ya uso, karibu na ufuo. Upepo ukigeuka, maji ya joto yanarundikana pwani na samaki wanashuka au wanatoka nje. Ndiyo maana wavuvi wa maziwa haya huulizana habari za upepo wa siku mbili zilizopita kabla hawajaulizana habari za chambo.

Sasa, utakishushaje chambo chepesi cha bati hadi mita 25 huku mashua inatembea? Maji yanausukuma mshipi juu, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo unavyopanda. Kifaa kinachotumika zaidi ni daunriga, ambayo ni winchi ndogo yenye mkono unaotokeza nje ya mashua. Winchi hiyo hushusha kwa waya chubwi nzito, kwa kawaida ya kilo 4.5 hadi 7. Mshipi wa fimbo ya kuvulia hubanwa kwenye kibanio kilicho juu ya chubwi, chambo kikiachwa mita kadhaa nyuma yake. Fimbo inakaa imepinda kwa mvuto. Samaki akipiga, mshipi unachomoka kwenye kibanio, fimbo inanyooka ghafla, na kuanzia hapo mvuvi anapambana na samaki peke yake bila uzito wa chubwi. Huo ndio uzuri wa daunriga: inakupa kina bila kumfunga samaki na kilo saba za risasi.

Winchi ina kihesabio cha urefu wa waya, na hapo wengi hudanganyika. Waya hausimami wima, maji yanaupeleka nyuma. Waya wa mita 30 ukilala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima, chubwi iko kwenye kina cha mita 26 hivi. Mita nne ni nyingi sana pale ambapo tabaka lenye samaki lina unene wa mita tano tu. Chubwi nzito zaidi au mwendo mdogo zaidi hupunguza mlalo huo.

Mashua haina nafasi ya daunriga nyingi, kwa hiyo kuna njia nyingine za kwenda chini. Kuna kisahani cha plastiki kinachofungwa kwenye mshipi na kupiga mbizi kinapovutwa. Ukikirekebisha, kinakwenda kushoto au kulia huku kikishuka. Kuna pia mshipi wa uzi uliosukwa wenye risasi ndani yake, ambao hubadilika rangi kila baada ya yadi 10, yaani mita 9 hivi, ili mvuvi ahesabu rangi badala ya kukisia. Kwa mwendo wa kawaida kila rangi humpa takriban mita moja na nusu ya kina. Mshipi wa shaba huzama zaidi ya huo.

Mbao za pembeni zina kazi nyingine kabisa. Ubao mdogo unaoelea hubanwa kwenye mshipi, na umbo lake huufanya ukimbie kwenda ubavuni, mbali na mashua, mita 30 au zaidi. Faida yake huonekana hasa majira ya kuchipua, maji ya kina kifupi karibu na pwani yanapotangulia kupata joto. Wakati huo koho na trauti wa kahawia huja kwenye maji ya mita chache tu, na mashua ikipita juu ya vichwa vyao hutawanyika. Ubao unakipitisha chambo kwenye maji ambayo mashua haijayagusa. Kusini mwa Ziwa Michigan, koho wa Aprili na Mei huvuliwa sana kwa njia hii.

Kuhusu mwendo, samoni wengi huvuliwa mashua ikienda kati ya kilomita 3 na 5 kwa saa, na trauti wa ziwa hupenda polepole zaidi. Lakini namba ya GPS ni mwendo wa mashua juu ya ardhi, nacho chambo kinaishi ndani ya maji yanayotembea. Mkondo wa chini unaweza kwenda kinyume na wa juu. Unaweza kusoma kilomita 4 kwenye kioo huku chambo chako chini kinaburuzwa kama kijiti kilichokufa, au kinapepesuka kwa kasi isiyomfaa samaki yeyote. Ndiyo sababu siku nyingine samaki wanapiga mashua ikielekea kaskazini tu, na ukigeuka kusini kimya kinatanda. Wapo wanaofunga kipima joto na mwendo kwenye chubwi yenyewe, nao husoma hali ya mahali chambo kilipo. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo chenye thamani kuliko vyote mashuani, kuipita hata sonari, yaani kifaa kinachoonyesha samaki kwa kupiga sauti majini, kwa sababu sonari inakuonyesha samaki bila kukueleza kwa nini hataki kula.

Asiye na kipimo hicho ana njia ya bure: kukata kona. Mashua inapogeuka, mishipi ya upande wa ndani inapungua mwendo na vyambo vyake vinashuka, ile ya upande wa nje inaongeza mwendo na vyambo vinapanda. Samaki akipiga fimbo ya ndani, huenda anakuambia punguza mwendo au teremsha chambo. Akipiga fimbo ya nje, jaribu kinyume chake. Mvuvi makini haendi kwenye mstari ulionyooka kwa muda mrefu. Anachora mawimbi, na kila kona ni swali analomuuliza samaki.

Vyambo vyenyewe ni vya aina chache. Kuna vijiko, yaani vipande vyembamba vya bati vinavyoyumba na kumetameta. Kuna samaki bandia wa plastiki au mbao. Halafu kuna kibamba kipana kinachozunguka, nyuma yake kikifuata chambo kidogo cha nyuzi zinazong'aa au kipande cha samaki halisi. Kibamba hicho hakina ndoana. Kazi yake ni kumulika na kutikisa maji ili samaki aje kuangalia. Rangi zina mabishano yasiyokwisha, ila jambo moja ni la uhakika: nyekundu hupotea mapema kadiri unavyoshuka, na bluu na kijani hufika mbali zaidi kwenye maji maangavu. Alfajiri, kabla jua halijapanda, vyambo vinavyong'aa gizani humvuta chinuki vizuri, kwa kuwa yeye ni mlaji wa mwanga hafifu. Jua likipanda, naye hushuka.

Aina hii ya uvuvi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ina historia isiyo ya kawaida, maana samoni hawa si wenyeji wa hapo. Lamprei wa bahari, samaki asiye na taya anayejibandika kwa samaki wengine na kuwanyonya damu, aliingia kwenye maziwa ya juu kupitia Mfereji wa Welland unaoyakwepa maporomoko ya Niagara, na akawamaliza trauti wa ziwa karibu wote. Mwindaji mkuu alipotoweka, samaki mdogo wa jamii ya heringi aitwaye alewaifu aliongezeka kupita kiasi, hata mwaka 1967 mizoga yake ikarundikana kwenye fukwe za Ziwa Michigan. Howard Tanner, aliyesimamia uvuvi katika jimbo la Michigan, alikuwa tayari ameamua kuleta koho kutoka pwani ya Pasifiki. Wa kwanza waliachiwa mitoni mwaka 1966, na chinuki wakafuata mwaka 1967. Walikuta chakula tele wakakua haraka ajabu.

Watu walimiminika na mashua ndogo zisizofaa maji makubwa, na dhoruba ya Septemba 1967 iliua baadhi yao. Ziwa la ukubwa huu lina mawimbi ya bahari, na yanaweza kuinuka ndani ya muda mfupi. Jaketi la kuokolea maisha na redio ni sehemu ya vifaa vya uvuvi huu kama zilivyo ndoana.

Uwiano uliotengenezwa wakati ule haukukaa milele. Alewaifu wa Ziwa Huron waliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na chinuki wa huko wakaporomoka nao. Kwenye Ziwa Michigan, mwaka 2013 idadi ya chinuki wanaopandikizwa ilipunguzwa kwa karibu nusu ili chakula kitoshe. Mvuvi anayejua hili huangalia tumbo la samaki anayemsafisha, kwa kuwa alichokula ndicho kinachoeleza hali ya ziwa na ukubwa wa chambo cha kesho.

Kwingineko kuna maziwa yenye samoni wa asili. Vänern nchini Sweden lina samoni wa Atlantiki ambao hawaendi baharini kamwe, na wavuvi wa huko pia hukokota vyambo kwa mbao za pembeni.

Mwishoni mwa kiangazi chinuki waliokomaa hujikusanya mbele ya midomo ya mito, tayari kupanda kwenda kuzaa na kufa. Wakati huo hamu ya kula inakwisha, na anayepiga chambo huwa anapiga kwa hasira au mazoea. Vyambo vikubwa vyenye kelele hufanya kazi pale ambapo vijiko vidogo vimeshindwa. Kwa wale wadogo wanaorudishwa majini, hatari kubwa ni joto: samaki aliyetolewa kwenye maji ya nyuzi 10 akapigana hadi uso wa nyuzi 22 huwa amechoka mno. Anayepaswa kurudishwa avutwe haraka, atolewe ndoana akiwa bado majini, na aachiwe kichwa kikielekezwa chini ili ashuke moja kwa moja kwenye baridi yake.