Very, too au quite? "Sana" yetu isikuponze kwenye Kiingereza

Kwenye barua za kuomba kazi ambazo wanafunzi wa kozi yetu ya Kiingereza wanatuletea tuwasahihishie, sentensi moja huwa haikosi: "I am too interested in this job". Mwenyewe anataka kusema anaitaka sana hiyo kazi, ila bosi anasoma kwamba hamu imepitiliza mpaka imeshakuwa tatizo. Too sio sana jamani, too ni mno, yaani kitu kimezidi na kuna jambo limeshindikana. Chai ikiwa very hot unapuliza unakunywa, ikiwa too hot hainyweki, ndo maana utaikuta na to nyuma yake, too hot to drink. (You're too kind ipo, hiyo ni adabu tu ya kushukuru, iacheni ilivyo.)

Kinachotuponza ni sana yetu, inakaa popote: mrefu sana, napenda sana, afadhali sana. Very haina uhuru huo. Inakaa mbele ya sifa kama tall au kielezi kama slowly, basi, ukifika kwenye kitenzi huwezi kusema I very like ugali, unasema I really like ugali au I like ugali very much. Very better nayo hakuna, ni much better, much cheaper. Na ukitaka kusema kachoka mpaka kalala kwenye basi unahitaji so, she was so tired that she slept on the bus, ukiweka very hapo sentensi haisimami.

Halafu kuna maneno yenye sana ndani yake tayari. Exhausted ni kuchoka hoi, sasa very ya nini tena? Hapo tumia absolutely, ambayo ni kama kabisa yetu, absolutely exhausted, absolutely freezing, ila usiipeleke kwa tired.

Mwenye vituko kuliko wote ni quite. Mwingereza akikwambia ripoti yako ni quite good usikimbilie kushangilia, mara nyingi anamaanisha si mbaya, inaridhisha, wakati Mmarekani akisema hivyohivyo kwa kawaida anakusifia kweli. Quite hiyohiyo ikikutana na impossible inageuka kuwa kabisa, quite impossible, haiwezekani kabisa! Mi kwenye barua rasmi nashauri uikwepe tu, kama kitu ni kizuri sana andika very good, kama ni cha wastani andika fairly good.