Nehemia Aliomba Mara Mbili: Dhana Potofu Kuhusu Uchangishaji Fedha Katika Taasisi za Dini

Kijana aliyenijia juma lililopita kutaka ushauri wa kazi alikuwa na shahada ya uhasibu, barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake, na kauli ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuimalizia kwa niaba yake. "Mama, mimi naamini fedha za kazi ya Mungu haziombwi kwa wanadamu," alisema. "Tukisali kwa dhati, wafadhili watakuja wenyewe." Nafasi aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ya ofisa uchangishaji fedha katika hospitali ya kanisa.

Nimeifanya kazi hii katika taasisi za dini hapa Tanzania kwa muda wa kutosha kujua kwamba dhana hiyo haitokani na uvivu. Huwashika watu wenye imani ya kweli, wale hasa ambao fani inawahitaji, na ndiyo maana inaniudhi kuliko nyingine zote. Mzizi wake, kwa maoni yangu, umo katika lugha yetu: kitenzi tunachokitumia mbele za Mungu ndicho tunachokitumia mbele ya mtu, na katika kitenzi hicho hicho tumelipata neno ombaomba. Kijana msomi anayepiga magoti kila alfajiri bila haya huona aibu kuketi mbele ya mfanyabiashara na kutaja kiasi, kwa sababu anajiona amekaa kando ya barabara na kopo mkononi. Kisha aibu hiyo huvishwa kanzu ikaitwa imani.

Maandiko wanayoyaegemea hayawaungi mkono. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, alipata habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka katika mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga na kusali. Lakini ilipofika mwezi wa Nisani, yaani baada ya miezi kama minne, na mfalme akamuuliza anataka nini, alimwomba Mungu kwanza na mfalme papo hapo. Aliomba ruhusa ya kusafiri akataja na muda wa safari, akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, kisha akaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa mwenyewe. Ninapofundisha huwa nasimama hapo kwenye jina la Asafu. Mtu anayejua miti iko mikononi mwa nani, inahitajika kwa kazi gani na yeye mwenyewe atarudi lini, amefika mbele ya mfalme akiwa na andiko la mradi kichwani, na sioni mahali popote ambapo maandalizi hayo yaliipunguza sala yake.

Wabishi hodari zaidi hunitajia George Müller, mhubiri wa Bristol, Uingereza, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mwaka 1836 na ambaye, hadi alipofariki mwaka 1898, alishikilia msimamo wa kutomwomba mtu yeyote fedha. Ni kweli, na ninamheshimu. Wanachosahau kunieleza ni kwamba Müller alichapisha taarifa mwaka baada ya mwaka, zikionyesha kilichopokelewa na kilichotumika, na watu waliokuwa wakitoa waliweza kuzisoma. Asiyetaka kuomba kwa mdomo kama Müller na aandike hesabu kama Müller. Mpaka leo sijampata aliyeichagua njia hiyo kwa ukamilifu wake.

Katika vitendo, dhana hii huzaa neno moja ninalolichukia: chochote. Ofisa hukaa saa nzima na mtu mwenye uwezo, akamweleza habari za wodi ya wazazi ambayo kina mama wawili hulazwa kitanda kimoja, akamfikisha mahali ambapo mwenyeji mwenyewe ameinama mbele kusikiliza, halafu, badala ya kusema, "Tunakuomba utununulie vitanda vinne, na bei yake ni hii hapa," akasema, "Kwa hiyo, Mzee, chochote ulichojaliwa." Mzee huingiza mkono mfukoni, hutoa noti ya elfu kumi, na wote wawili huagana wakiwa wameona aibu. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka, ni kutaja kitu, kutaja kiasi, kisha kunyamaza na kunywa chai. Kimya kinachofuata ni cha mtoaji, ambaye huenda anafanya hesabu ya ada za watoto au anawaza maneno atakayomwambia mkewe. Ofisa anayekivunja kwa kupunguza, mara vitanda viwili, mara hata kimoja, anamwondolea mwenzake nafasi ya kuamua.

Dhana ya pili ni kwamba wafadhili wako ng'ambo na Waswahili hawatoi, jambo ambalo husemwa bila kucheka na watu walio katika kamati tatu za harusi kwa wakati mmoja. Jamii inayotoa kadi za mchango, inayofuatilia ahadi kwa simu hadi usiku na kumtaja hadharani mhazini mzembe, haikosi utamaduni wa kutoa. Inachokikosa ni taasisi inayofuatilia kwa bidii ya kamati ya harusi. Na serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kisha USAID, shirika lake la misaada, ikafikia mwisho wa shughuli zake tarehe 1 Julai mwaka huo huo, taasisi ambazo hazikuwa na orodha ya watoaji wa nyumbani ziligundua kwamba orodha ya namna hiyo haijengwi kwa wiki mbili.

Kuhusu malipo, nitasema kwa ufupi. Wapo wanaodhani mtu wa imani hapaswi kulipwa kwa kuchangisha, na wapo wakurugenzi wanaodhani alipwe asilimia ya anachokileta. Pande zote mbili zimekosea. Aya ya 60 ya Sura at-Tawba inapotaja makundi manane yanayostahili zaka inawataja wanaoitumikia, kwa hiyo mshahara wa mkusanyaji si uzushi wa zama hizi. Asilimia ni jambo jingine, na Association of Fundraising Professionals, chama cha wachangishaji fedha kilichoanzishwa Marekani mwaka 1960, kinawakataza wanachama wake kulipwa kwa namna hiyo. Mjane aliyetoa shilingi milioni moja kwa ajili ya kisima hakuitoa akijua kwamba laki moja ni ya aliyemwendea nyumbani.

Wengine husema kwamba mfuko wa Bwana ni mmoja, kwa hiyo fedha za kisima zinaweza kulipa mishahara mwezi ukiwa mgumu. Haziwezi, isipokuwa mtoaji ameulizwa na amekubali. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, na akawaeleza Wakorintho waziwazi kwamba hataki mtu apate sababu ya kumlaumu. Ikiwa mtume aliona haja ya mashahidi, mhazini wa jimbo hawezi kuona haja ya saini mbili ni matusi.

Imebaki ile ya kwamba fedha zikishaingia kazi imekwisha, na hapa sina haki ya kumcheka mtu. Miaka kadhaa iliyopita nilituma barua za shukrani kwa watoaji wote wa mwaka, zikiwa zimechapwa vizuri, jina la kila mtu juu. Baada ya siku chache nikapigiwa simu na mama mmoja wa makamo, sauti yake tulivu kabisa. "Mwanangu," alisema, "huyu unayemtakia afya njema tulimzika mwezi wa nne." Marehemu alikuwa akituma elfu ishirini kila mwisho wa mwezi kwa simu, na ujumbe wa muamala ulikuwa ukija na jina lake kwa herufi kubwa, mwezi wa tano haukuja, wa sita haukuja, na hakuna aliyeuliza. Nilimwomba msamaha, akaupokea kwa adabu, na hatukupata kusikia tena kutoka nyumba ile. Siku hizi mtoaji wa kila mwezi akipitisha tarehe tano bila kutuma, ofisi yangu humpigia simu kumjulia hali, na neno mchango halitajwi katika simu hiyo.