Musawo, nimeungua nipake nini? Majibu kuhusu mvuke, maji ya moto na manyoya ya sungura

Mimi ni musawo, yaani mhudumu wa afya, na haya ni maswali ninayoulizwa pale kituo cha afya karibu kila wiki, mengine naulizwa huku mtoto analia mikononi mwa mama yake. Nayajibu hapa yote pamoja, tafadhali msome mpaka mwisho.

Musawo, mvuke si ni maji tu? Mbona unachoma kuliko maji yenyewe?

Ni maji ndiyo, hali ndo tofauti. Kila kitu kimeundwa na chembe ndogo sana. Kwenye barafu chembe zimebanana kama abiria ndani ya taxi (matatu), zinatikisika palepale, hiyo ni yabisi. Zikipata joto zinaanza kupitana kama watu wa stendi ya Taxi Park, hicho ni kimiminika. Ukizidi kuzipa joto zinaachana kabisa kila moja inashika njia yake, hiyo ndo gesi.

Sasa kule kuachana kunakula nishati nyingi mno. Gramu moja ya maji yanayochemka inahitaji kama joule 2,260 (joule ni kipimo cha nishati) mpaka igeuke mvuke, na muda huo wote joto halipandi, linabaki nyuzi 100 (Kampala tuko juu, mita 1,200 hivi, maji yanachemka kwenye 96 hivi, lakini ngozi yako haitaona tofauti). Hiyo nishati haijaenda popote, mvuke umeibeba. Ukigusa mkono wako unarudi kuwa maji na mzigo wote unautua hapohapo kwenye ngozi, alafu yale maji nayo bado yanaendelea kuchoma. Gramu moja ya maji ya kuchemka ikipoa mpaka joto la mwili inatoa joule 265 hivi, gramu ya mvuke inatoa zaidi ya 2,500. Karibu mara kumi!

Ndo maana yule anayefunua matoke akiwa ameinamia sufuria anakuja na uso umevimba. Majani ya ndizi yamefunga mvuke pale ndani muda mrefu, wewe unafungua jani la upande wako kwanza. Fungua la upande wa mbali, uso uweke nyuma, na mtoto asiwe mgongoni wakati huo.

Nikiungua nipake nini?

Usipake kitu. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Toa nguo, bangili na pete mapema kabla hapajavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Saa inasema dakika 20, siyo dakika mbili kisha unasema nimeshamwagia.

Lakini dawa ya meno inapoza, mimi mwenyewe nimewahi kusikia ubaridi.

Ule ubaridi ni wa kwenye ulimi na ngozi ya juu, moto uko chini. Ukitoa mkono kwenye sufuria joto halijatoka, chembe za ngozi ya juu bado zina nguvu na zinazisukuma za chini yake, kwa hiyo kidonda kinaendelea kwenda ndani wakati wewe unatafuta tyubu. Maji yanayotiririka yanalichukua hilo joto na kuondoka nalo. Dawa ya meno haiondoki, inakaa, inafunika, na mimi nikitaka kuona kidonda lazima niikwangue, na hapo mtoto analia mara ya pili kwa sababu yako.

Mafuta ya kupikia? Yai bichi? Unga? Manyoya ya sungura?

Hapana, hapana, hapana, na manyoya ya sungura HAPANA kabisa. Najua jirani alipaka akapona, jirani aliungua kidogo tu, angepona hata bila sungura. Manyoya yanagandia kwenye kidonda kibichi, yanaingiza uchafu, na chini yake usaha unajaa mtu haoni, nyumbani wanasema kimekauka vizuri. Siku ya nne mtoto ana homa ndo wanapanda boda kuja. Mama, huyo sungura mwache ale majani yake. Maji, dakika 20.

Barafu basi, si ndo baridi zaidi?

Usiweke. Inabana mishipa ya damu na ngozi iliyokwisha kuumia inaumizwa tena.

Sisi hatuna bomba.

Jerikeni unayo. Ile ya lita 20 ukimwaga kikombe kwa kikombe, kama lita moja kila dakika, inakufikisha dakika 20 vizuri tu. Hata kama umechelewa, ndani ya masaa matatu ya kwanza bado inasaidia. Mtoto mdogo mmwagie palipoungua tu, sehemu zingine mfunike asipigwe na baridi. Ukimaliza funika na kitambaa safi au kavera (mfuko wa plastiki) mpya bila kukaza, malengelenge usipasue, njoo.

Na uji? Ulikuwa umeshaepuliwa.

Kuepua siyo kupoa. Uji ni mzito, unapoteza joto polepole na ukimwagika unagandia kwenye ngozi, hautelezi ukaondoka kama chai. Maji ya nyuzi 60 tu yanamuunguza mtu mzima kwa sekunde tano hivi, ngozi ya mtoto ni nyembamba, inaungua haraka zaidi. Sufuria na sigiri (jiko la makaa) chini sakafuni, mtoto anatambaa, jamani.

Nije hospitali lini?

Mtoto yeyote, leta. Mtu mzima, kama ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio kama goti, au sehemu za siri, au palipoungua panazidi kiganja chake mwenyewe. Aliyevuta mvuke au moshi na sauti imekwaruza, hata kama nje haonekani kuungua, huyo usingoje asubuhi, koo linaweza kuvimba na kuziba. Na ngozi ikiwa nyeupe au kama imekauka na haiumi, watu wanafurahi kwamba haiumi! Haiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua, hicho ndo kidonda kibaya kuliko vyote. Vikubwa tunavipeleka hospitali ya Kiruddu, Kampala, lakini dakika 20 za maji zinaanzia nyumbani kwako, Kiruddu hawawezi kukurudishia.

Nimeshapaka manyoya, ni siku ya pili sasa. Naogopa mtanigombeza.

Tutakugombeza kidogo, njoo tu. Usiyabandue mwenyewe, usiongeze kitu kingine juu ili kuficha. Sema ulichopaka na lini, njoo na kadi ya chanjo tuangalie sindano ya pepopunda. Njoo leo, siyo Jumatatu.