Saa 24 za kwanza za mtoto aliyekamatwa

Wazazi wengi hapa Busia, Uganda, hunitafuta mtoto akiwa ameshafikishwa kortini, wakiamini kesi ndiyo kwanza inaanza. Mimi ni wakili, nawatetea watoto, na nasema bila kusita kwamba mambo makubwa huwa yameshaamuliwa kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.

La kwanza ni umri. Kwa Sheria ya Watoto ya Uganda, aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa kosa lolote la jinai. Kuanzia 12 hadi kabla ya kutimiza 18 hushtakiwa, ila kwa utaratibu wa watoto. Kwa hiyo ule mstari wa umri kwenye karatasi za polisi ndio unaoamua njia atakayopita, na mara nyingi hujazwa vibaya. Kijana mrefu wa miaka 15 aliyenaswa kwenye msako wa usiku huandikwa 18. Wengine hujiongezea miaka wenyewe, kwa kuwa wenzao wamewaambia mtu mzima hukiri, akafungwa siku chache, akaenda zake. Mwisho wake hulala na watu wazima, jambo ambalo Katiba ya 1995 inalikataza.

Basi mama, baba, usiende kituoni mikono mitupu. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, hata ripoti ya shule. Visipokuwepo, mahakama itachunguza umri na huenda ikataka ripoti ya daktari. Lakini daktari hukadiria tu; mimi kadi ya chanjo iliyochakaa naiamini zaidi.

Polisi wakishamkamata wanapaswa kumwarifu mzazi pamoja na katibu wa masuala ya watoto wa LC, yaani baraza la serikali ya mtaa. Mzazi awepo wakati wa mahojiano. Asipopatikana haraka, aitwe afisa wa ustawi wa jamii. Maelezo aliyoyatoa mtoto akiwa peke yake mbele ya askari watatu hunitia shaka siku zote. Polisi pia wanaweza kumwonya na kumwachia bila kwenda kortini, na wizi mdogo au ugomvi wa kawaida unaweza kumalizwa na korti ya LC kijijini kwa kuomba radhi au kulipa fidia. Wasipomwachia, wasimweke zaidi ya saa 24. Na bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa ahadi ya kurudi, ni bure. Anayekuomba hela anakuibia.

Kortini, kesi nyingi huenda Mahakama ya Familia na Watoto, ambayo husikiliza faraghani na bila makeke. Makosa yenye adhabu ya kifo, kama wizi wa mabavu uliokithiri, husikilizwa na Mahakama Kuu. Hakimu anatakiwa kumwachia mtoto kwa dhamana isipokuwa pawe na hatari kubwa kwa mtoto mwenyewe. Wadhamini wanaopendelewa ni wazazi, na hawatoi fedha taslimu, wanatia saini tu. Kinachokwamisha mara nyingi ni kwamba mzazi hakuja: ameona haya, ameogopa, au hakuambiwa. Hakimu aliyekuwa tayari kumwachia atamkabidhi nani?

Hapo ndipo mtoto hupelekwa mahabusu ya watoto, kwetu mashariki ikiwa Mbale. Gereza la watu wazima ni marufuku. Rumande isizidi miezi 3, au miezi 6 kwa kosa lenye adhabu ya kifo.

Andika pia tarehe ambayo mtoto alisomewa shtaka na kulijibu. Katika Mahakama ya Familia na Watoto, kesi isipomalizika ndani ya miezi 3 tangu siku hiyo, inapaswa kufutwa, na mtoto hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Faili hulala bila mtu kuhesabu. Mzazi asiye na wakili anaweza kusimama, akamtajia hakimu tarehe hiyo na kuomba kesi ifutwe.