Shearer baada ya kuumia: namba tisa aliyejifunza upya kusimama

Nikianza kazi na kundi jipya la washambuliaji vijana, huwaonyesha mabao ya Alan Shearer, mshambuliaji wa zamani wa England, ya kuanzia 1999, si yale ya klabu yake ya awali, Blackburn. Ya Blackburn yanajieleza: misimu mitatu mfululizo alifunga zaidi ya mabao 30 ya ligi, na yale 34 ya 1994/95 yakaleta ubingwa wa Ligi Kuu ya England. Newcastle, timu ya kwao, ikamnunua 1996 kwa pauni milioni 15, rekodi ya dunia wakati huo.

Julai 1997, kwenye mechi ya maandalizi pale Goodison Park, kano za kifundo cha mguu zikachanika. Goti lilikuwa limeshamtoa nje nusu ya msimu wa 1992/93. Aliporudi Januari 1998 alimaliza msimu na mabao 2 tu ya ligi. Zile mbio za kumwacha beki hazikuwepo tena.

Mshambuliaji aliyepungua kasi hukimbilia kuligeuzia lango mgongo. Anashuka chini, anaomba mpira miguuni, anaulinda kwa mwili. Anaonekana mchapakazi, lakini beki anastarehe: anajua mpira utarudishwa nyuma, na boksi limebaki tupu. Shearer aliingia humo. Agosti 1999 kocha Ruud Gullit akamweka benchi nyumbani dhidi ya Sunderland, watani wao wa jadi. Newcastle ikalala 2-1, Gullit akajiuzulu siku chache baadaye.

Akaja kocha mpya, Bobby Robson, na hapa ndipo ninapowasimamishia vijana video. Robson aliona tatizo lilikuwa namna Shearer alivyokuwa anasimama, akamtaka aache kuupa mgongo mchezo. Ukisimama kiubavu, bega moja kwa mpira na jingine kwa lango, unamwona mpigaji pasi na beki kwa pamoja. Mpira ukifika, nusu ya kugeuka umeshaimaliza. Yule beki aliyekuwa anakusukuma mgongoni sasa anaogopa kusogea, maana akikosea hatua moja umepita. Mtu hahitaji mbio za zamani akianza kabla ya mwenzake.

Mechi ya kwanza ya Robson nyumbani, Septemba 1999, Newcastle iliifunga Sheffield Wednesday 8-0. Matano yalikuwa ya Shearer. Msimu wa 2001/02, akiwa na miaka 31, alifunga 23 ya ligi.

Wapo wanaosema 56 kati ya mabao yake 260 ya Ligi Kuu ni penalti, kana kwamba ni doa. Mimi naona ni sifa: miaka yote hiyo kipa anajua atapiga kwa nguvu, na bado hafiki.

Vijana wenye kasi ndio wabishi zaidi kwenye zoezi la kusimama kiubavu, kwa sababu leo wanafunga bila hilo. Hao ndio ninaoanza nao, wakiwa bado na magoti mazima.