Kura 30: Obama kabla hajawa Obama

"Bwana Karani, kwani huyu Obama alianza kama MCA?"

Aliyeniuliza ni mwakilishi wadi mmoja, saa ya chai, kikombe mkono huu na andazi mkono ule. Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu siku nzima sikuwa nimeulizwa swali zuri kama hilo. Nimekuwa karani wa kamati katika bunge la kaunti kwa miaka kumi na mmoja, na kila nikipewa waheshimiwa wapya niwafundishe taratibu, huwa nawapeleka Springfield, Illinois, kabla sijawarudisha nyumbani. Wakenya wengi tulimfahamu Obama mwaka 2004, enzi zile bia ya Senator ilipoanza kuitwa "Obama" vilabuni. Miaka minane iliyotangulia hatuijui, na ndiyo yenye mafunzo kwa mtu anayekaa kwenye baraza la kutunga sheria.

Jibu nililompa mheshimiwa ni nusu ndiyo. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 Barack Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, si seneta wa Marekani. Kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, na yote isipokuwa Nebraska yana mabaraza mawili. Illinois ina maseneta 59 na wawakilishi 118, nao hukutana Springfield, mji uliozungukwa na mashamba ya mahindi, kilomita 320 hivi kutoka Chicago. Tofauti na sisi ni uzito wa kinachofika mezani. Mwakilishi wadi hupitisha bajeti ya kaunti, ada za soko na leseni za biashara. Seneta wa Illinois hutunga sheria za jinai na hupanga kodi ya mapato ya jimbo, na enzi hizo hukumu ya kifo nayo ilikuwa mikononi mwake. Ajabu ni kwamba kazi yenyewe haikujaza mwaka. Vikao vingi huwa kati ya Januari na Mei, na Obama aliendelea kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago muda wote huo.

Wanaompenda sana huruka jinsi alivyoingia. Kiti cha eneo la 13, upande wa kusini mwa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer alijitosa kuwania ubunge wa kitaifa, akamwachia Obama njia. Kura za mchujo zilipomwangusha mbele ya Jesse Jackson Jr., alitaka kurudi kwenye kiti chake cha zamani. Obama akakataa kuondoka. Sheria ilimtaka kila mgombea alete sahihi 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Palmer, aliyezikusanya mbiombio, alileta zipatazo 1,580. Watu wa Obama wakaketi na daftari la wapiga kura, wakapitia jina baada ya jina: huyu hajaandikishwa, huyu anaishi nje ya mpaka, huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi. Walipomaliza, Palmer hakuwa na sahihi za kutosha, akajiondoa. Wagombea wengine watatu nao walikatwa kwa njia hiyo hiyo. Kwenye mchujo wa Machi 1996 Obama alibaki peke yake kwenye karatasi ya kura.

Je, ni haki? Kikanuni, ndiyo, na karani yeyote atakwambia mwenye kusoma kanuni humla asiyezisoma. Lakini kumwondoa kwa kalamu nyekundu mama aliyekushika mkono si jambo dogo, na kuna watu wa Chicago ambao hawakumsamehe kwa miaka mingi.

Alipofika Springfield alikuta chama chake, cha Democratic, hakina nguvu. Seneti ilikuwa chini ya Warepublican tangu 1993, na rais wake, James Philip, aliyeitwa "Pate", alikuwa na ufunguo wa Kamati ya Kanuni. Mswada wa Mdemokrati ulipelekwa huko ukafia huko, bila mazishi. Waheshimiwa wetu walio upande wa wachache wanaijua hali hii, ila wao angalau hupata nafasi ya kupiga kelele mbele ya kamera.

Sasa njoo mezani kwake. Kila seneta ana vitufe vitatu: kijani ni ndiyo, chekundu ni la, na cha manjano humaanisha "nipo". Hapa ndipo nahitaji usikivu wako, maana watu wengi, hata wanahabari, hukosea. Kwa Katiba yetu, Kifungu cha 122, swali bungeni huamuliwa na wengi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Ukijizuia, unatoka kwenye hesabu, mizani haikuoni. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 haihesabu hivyo. Ili mswada upite, sharti upate kura za wengi wa maseneta waliochaguliwa, wawe ukumbini au wawe wamelala nyumbani. Wengi wa 59 ni kuanzia 30. Kwa hiyo kitufe cha manjano hakiongezi chochote kwenye zile 30. Kwa jina si "la", lakini kwa hesabu ni "la" iliyovaa kanzu.

Obama alikibonyeza mara zipatazo 130, kati ya kura kama 4,000 alizopiga. Mwaka 2008 alipogombea urais, Hillary Clinton na John Edwards walimrushia idadi hiyo usoni mbele ya runinga: huyu ni mtu asiyeamua. Nimezipitia hoja zilizotolewa kuhusu kura hizo, na maoni yangu ni haya. Baadhi zilikuwa mkakati halali. Kwenye miswada ya kuzuia utoaji mimba, kwa mfano, watetezi wa haki hiyo waliwaomba maseneta kadhaa wabonyeze manjano kwa pamoja, ili wale wa maeneo magumu wasisimame peke yao. Nyingine zinanuka woga. Mwaka 1999 ulikuja mswada wa kuwashtaki vijana kama watu wazima wakifyatua bunduki karibu na shule. Yeye hakuamini kwamba adhabu kali zaidi ingewazuia, lakini wapiga kura wake walikuwa wakizika watoto. Akabonyeza manjano. Hiyo siwezi kumtetea.

Kwa kuwa miswada yake haikutoka kamatini, alijifunza njia ya pili, ya urafiki. Mwaka 1998 alishirikiana na Kirk Dillard, Mrepublican, kupitisha sheria ya maadili iliyobana zawadi kwa wanasiasa na kukataza fedha za kampeni zisitumiwe kwa mambo ya binafsi. Ndiyo, kabla ya hapo mwanasiasa wa Illinois aliweza kuzila bila kuvunja sheria. Jioni alicheza karata za poka kwa dau dogo na maseneta wa nje ya Chicago, wazungu kama Terry Link na Denny Jacobs. Mchezo huo waliuita "Mkutano wa Kamati". Namwambia kila mheshimiwa mgeni: kamati ile ilimfaa kuliko nyingi zenye ajenda na kumbukumbu.

Kisha akapata kiburi, kama wanavyopata wote. Aliamua kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa kitaifa aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, huko Chicago. Desemba 1999 Mahakama ya Juu ya Illinois ilifuta sheria ya bunduki kwa sababu mswada wake ulikuwa umebeba mada zaidi ya moja, naye Gavana George Ryan akaita kikao maalumu kuirudisha. Obama alikuwa Hawaii kwa nyanya yake. Mtoto wake Malia, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, aliugua, baba akabaki. Mswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti yalimchana, na mpinzani wake alikuwa miezi michache tu tangu kumzika mwanawe aliyeuawa kwa risasi. Machi 2000 Rush alipata kura asilimia 61, Obama 30 hivi.

Uchaguzi huo ungeweza kuwa mwisho wake. Kilichomwokoa ni kofia. Sisemi mafumbo. Kila baada ya sensa ya miaka kumi Illinois huchora upya mipaka ya maeneo ya uwakilishi, na wanaochora ni wanasiasa wenyewe, si tume huru kama IEBC. Wakishindwa kuelewana, huundwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu. Hao nao wakikwama, jina la mtu wa tisa, wa chama hiki au kile, hupatikana kwa kura ya bahati. Septemba 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, alitia mkono kwenye kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mbunge wa Illinois. Akatoa jina la Mdemokrati.

Basi ramani ya Wademokrati ndiyo iliyoshika. Miezi kadhaa kabla ya hapo Obama alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na mtaalamu wa ramani wa chama, wakilivuta eneo lake. Awali lilienea kutoka Hyde Park kuelekea mitaa maskini ya kusini na magharibi. Ramani mpya ililivuta kaskazini, likafuata ufuo wa Ziwa Michigan, likapita katikati ya jiji mpaka Gold Coast, mtaa wa matajiri. Watu weusi walibaki wengi, lakini sasa alikuwa mwakilishi pia wa mawakili, wenye mabenki na wafadhili wa kampeni. Hotuba yake ya Julai 2004 kwenye mkutano mkuu wa chama, Boston, imechambuliwa mpaka ikachakaa. Ramani hii wachache wameitazama, na bila yake sioni fedha za kampeni yake ya useneta wa Marekani ya 2004 zingetoka wapi.

Ramani ilifanya na kazi kubwa zaidi. Novemba 2002 Wademokrati waliitwaa Seneti. Emil Jones, mtu wa zamani wa siasa za Chicago aliyewahi kuwa mkaguzi wa mitaro ya maji taka, akawa rais wa Seneti. Jones mwenyewe amesimulia jinsi kijana alivyomwendea akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Mzee akauliza ana nani akilini. Kijana akajitaja. Kuanzia Januari 2003 Obama akawa mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na miswada mizito ikaanza kupitia mikononi mwake. Mingine wenzake walikuwa wameibeba miaka mingi. Rickey Hendon wa upande wa magharibi mwa jiji, aliyeupigania mswada wa kuwazuia polisi wasisimamishe madereva kwa sababu ya rangi, hakuficha uchungu wake. Namwelewa. Kupanda wapande wengine, kuvuna avune mmoja.

Lakini kuna mswada mmoja ambao hata mahasidi wake wanamkubalia. Illinois ilikuwa na aibu. Tangu hukumu ya kifo irudishwe mwaka 1977 ilikuwa imewanyonga watu 12, ila kwa jinsi tu ya kusema, maana wao walitumia sindano, na wengine 13 wakatolewa kwenye foleni ya kifo baada ya kubainika hawakustahili kuwamo. Gavana Ryan alisimamisha mauaji mwaka 2000. Obama akaleta pendekezo: polisi wakimhoji mshukiwa wa mauaji, warekodi mahojiano. Polisi walikataa, waendesha mashtaka walikataa, na gavana mpya, Rod Blagojevich, aliupinga mwanzoni. Obama aliwaita wote mezani, mkutano baada ya mkutano. Akakubali hiki, akakata kile, akaacha nafasi pale mitambo inapoharibika. Mswada ukapita Seneti kwa kura 58, bila hata moja ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa njia ya bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa zimelipata kupitia mahakama.

Mheshimiwa wangu alikuwa amemaliza andazi. "Na kiti chake kilienda kwa nani?"

Kilienda kwa Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti, aliyeteuliwa Novemba 2004 kumalizia kipindi. Tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa jimbo. Januari 2011, akiwa bado anawakilisha eneo lile lile la 13, alisimama Seneti kuutetea mswada wa kuifuta kabisa hukumu ya kifo. Safari hii hakukuwa na 58 kwa sufuri. Taa za kijani zilikuwa 32.